Mafunzo kazini ya hisabati: mnafanyaje hadi yafike darasani?

Mwalimu wa Kiomboi
Habari za jioni, walimu wenzangu. Nafundisha hisabati darasa la tano, na mwaka huu nimepewa kuongoza jumuiya ya kujifunza ya shule yetu chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Tunakutana, tunasoma moduli, tunajaza fomu, tunatawanyika. Moduli zenyewe sina neno nazo. Ila kesho yake mtoto anajumlisha 1/2 na 1/3, anapata 2/5, mwalimu anampa alama ya kosa na kuendelea. Darasa lina watoto zaidi ya tisini. Wenye uzoefu, kikao chenu mnakianzia wapi?

Mama Hesabu, Bungoma
Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni wa sekondari, Kenya, nimepitia SMASSE, mpango wa mafunzo kazini kwa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Ilianza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani katika wilaya chache, kisha ikaenea nchi nzima. Wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wa wilaya, nao wa wilaya wakatufunza sisi wakati wa likizo. Awamu ya kwanza ilihusu mtazamo wetu kuhusu somo, na mpaka leo naishukuru. Lakini mpango wowote wa kushuka ngazi kwa ngazi una ugumu huu: kinachofika chini ni maelezo, na maelezo peke yake hayamwonyeshi mwalimu mtoto wake anawaza nini.

Kilichonibadilisha ni kazi ya watu watatu shuleni kwetu. Tulichukua kipindi kimoja cha aljebra, tukaandaa pamoja, mmoja akafundisha, wawili tukakaa nyuma na daftari. Hatukumtazama mwalimu, tuliwatazama wanafunzi: nani kaandika 2x + 3 = 5x, na alipoulizwa alisema nini. Wajapani wamefanya hivi miaka mingi, na Zambia nao wanautumia utaratibu huu mashuleni.

Kwa hiyo kikao chako kianze na madaftari ya watoto. Yapangeni kwa aina ya kosa. Hilo la 2/5 ni hazina! Muulize mtoto: 2/5 na nusu, ipi kubwa? Akiona amejumlisha akapata pungufu ya alichoanza nacho, atashtuka mwenyewe. Kisha kila wawili wapate kanda mbili za karatasi zilizokunjwa sehemu sita. Nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili, jumla 5/6. Hapo ndipo KDS (kigawe kidogo cha shirika, hapa 6) inapata maana. Watoto tisini wanaweza, karatasi si ghali.

Mkufunzi mstaafu
Naunga mkono, ila msiikimbie hisabati ya mwalimu mwenyewe. Wape wenzako 3/4 ÷ 1/2. Watageuza na kuzidisha, watapata 1 1/2, vizuri. Sasa waambie kila mmoja atunge fumbo la maisha linalohitaji hesabu hiyo. Wengi watatunga la kugawa kwa 2: robo tatu ya mkate kwa watoto wawili. Swali halisi ni robo tatu ya lita inajaza vikombe vingapi vya nusu lita. Mwalimu asiyeona tofauti hiyo hatamsaidia mtoto, hata umpe chati za rangi zote. Lifanyeni bila kuaibishana. Asiwepo mkaguzi wala wa kuandika majina.

Mwl. Mkuu
Mwambie mkuu wako mapema. Kutazamana kunataka mtu wa kushika darasa la anayetazama, na hilo ni suala la ratiba. Mkuu akikaa nyuma nanyi hata mara moja, wengine watakuja.

Mwalimu wa Kiomboi
Asanteni sana. Madaftari nayakusanya Jumatatu. Mama Hesabu, kukunja sita kunawasumbua watoto wangu, mnafanyaje?

Mama Hesabu, Bungoma
Anzeni na tatu: ukanda ukunjwe kama barua inayoingia bahasha, mikunjo ilingane kabla ya kukandamizwa. Kisha uliokunjwa huo ukunjwe nusu. Kurasa za daftari la zamani zinatosha, kata kwa urefu.