Wenye mbwa wadogo Nyanda za Juu, tunda gani limewahi kukuponza? Tupeane uzoefu

Mama Popi, Uyole: Sasa hivi nimemfuma kitinda mimba wangu anagawana zabibu na Popi, moja yake, moja ya mbwa. Nimepiga kelele hadi jirani kaja. Mbwa mwenyewe kilo nne. Nyie huwa mnawapa nini?

Mnyaki: Ndizi. Tukuyu utampa nini kingine? Kipande cha kidole, basi.

Dogo wa Mafinga: Tikiti. Toa mbegu na ganda.

Kibena: Umenikumbusha fyulisi. Januari, Njombe, ndoo imejaa barazani. Bruno akakwapua moja, kokwa na yote. Nikacheka! Kesho yake hali, anatapika maji ya njano, tumbo kama ngoma. Jumapili hiyo. Daktari wa mifugo wa kwanza kuniuliza: "Anakamuliwa lita ngapi?" Nikakata simu. Nikamtia kwenye kikapu, bodaboda hadi Makambako, njia nzima analia kama mtoto. Akapasuliwa, kokwa lilikuwa limeziba utumbo. Daktari akasema hata lingetafunwa, ndani yake mna sumu. Ninalo hadi leo, kabati la vyombo.

Bibi Ipogolo: Kabati la VYOMBO?

Kibena: Nimeliosha.

Dogo wa Mafinga: Mkeo anajua?

Rungwe Boi: Mnadekeza. Huku mbwa wanaokota maparachichi chini ya mti tangu enzi za babu.

Bibi Ipogolo: Mbwa wa babu yako alilinda ng'ombe. Hawa wetu wanalala kwenye kochi. Nilimpa wangu nusu parachichi, yale mafuta yakamwendesha siku mbili, na zulia likawa langu kufua.

Rungwe Boi: Basi mnunulie na kijiko.

Mnyaki: Tufaa la Makete je?

Bwana Mifugo Mstaafu: Tufaa sawa, ondoa mbegu. Tunda lisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Lakini mbona wote mmerukia kokwa? Zabibu, mbichi au kavu, huua figo za mbwa, na kiasi salama hakijulikani. Mama Popi, kala ngapi? Lini?

Kibena: Picha ya kokwa naituma jioni.

Bwana Mifugo Mstaafu: Mama Popi! Usisubiri dalili. Akiwahi ndani ya saa mbili, daktari anaweza kumtapisha.

Rungwe Boi: Mama, jibu basi.

Mama Popi: Mtoto anasema tano. Sijui kama kuhesabu anajua. Niko kwenye bajaji.