Sensa ya piezo inahesabu vumbi bila kuguswa, jua likipiga tu inaanza

Kijana_wa_Moro:
Wakuu salaam. Nasoma elektroniki, mwaka wa mwisho. Mradi wangu ni sensa (kihisi) ya kunasa chembe za vumbi ziendazo kasi angani, iwe ya kufungwa kwenye satelaiti ndogo. Nimebandika kisahani cha piezo (kile cha rangi ya shaba chenye seramiki nyeupe katikati, kama cha kwenye kengele za saa) nyuma ya bati la alumini. Chembe ikigonga bati, seramiki inaminywa, inatoa volti, amplifaya inakuza, kaunta inahesabu. Nikidondosha mchanga inahesabu vizuri. Shida ni dirishani: wingu likipita na jua likarudi, kaunta inapanda yenyewe. Nimeifunga ndani ya boksi lisiloingiza upepo, bado. Ni waya au gundi?

Mzee_wa_Antena:
Mdogo wangu, hilo ni joto, na umekutana na tatizo kongwe kabisa la fani hii. Explorer 1, mwaka 1958, ilibeba kipaza sauti cha piezo kilichosikiliza vumbi likigonga ngozi ya satelaiti. Vipaza sauti vya aina hiyo viliendelea kurushwa, na hesabu zilizorudi zilikuwa kubwa kiasi kwamba watafiti waliamini Dunia imezungukwa na wingu zito la vumbi. Mwaka 1966 Carl Nilsson aliandika kwenye jarida la Science akilitilia shaka wingu hilo: fuwele zile hutoa kelele zenyewe joto linapobadilika. Sasa fikiria satelaiti inayoingia kivulini na kutoka juani kila mzunguko. Hilo dirisha lako ni obiti kamili, usiliache.

Kuna mambo mawili yanatokea. Seramiki ya piezo ikipata joto huzalisha chaji, ila hiyo hupanda polepole. Kapasita na rezista za kuzuia mawimbi ya chini zitaimaliza. Kinachosumbua ni cha pili: alumini, gundi na seramiki havitanuki sawa, vikivutana vinaalika kama bati la paa saa ya jua kali. Mlio huo ni mkali na mfupi, unapita kwenye chujio hicho kama mgongano halisi.

Dawa yake ni kuweka sensa ya pili, pacha wake kwa kila kitu, iliyofichwa isigongwe. Itakachohesabu hiyo ni kelele tu. Chombo cha New Horizons kilichorushwa 2006 kina kihesabu vumbi kilichotengenezwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Colorado: sensa 14, ambapo 12 zimekabili vumbi na 2 zimefichwa. Zile ni filamu za plastiki ya PVDF, zinafanya kazi kwa namna tofauti kidogo na kisahani chako, lakini hoja ya pacha ni ileile. Wanafunzi kama wewe, na kifaa chao kilipita Pluto!

Njia nyingine ni ya GIADA, kipima vumbi kwenye chombo cha anga cha Rosetta: bati moja la alumini la nusu milimita, piezo tano chini yake. Kishindo cha kweli kinazifikia zote kwa kupishana kidogo.

Kijana_wa_Moro:
Asante sana mkuu, naongeza pacha. Je, ule mchanga unatosha kupimia?

Bi_Mekanika:
Unatosha kuanzia. Punje ya miligramu 1 ikianguka sentimita 20 inafika karibu mita 2 kwa sekunde. Msukumo huohuo utaupata kwa chembe ya mikrogramu 0.1 iendayo kilomita 20 kwa sekunde. Ila usiandike kwamba ni kitu kimoja. Kwa kasi hiyo chembe inalipuka, inachimba shimo, na vipande vya bati vikirushwa nyuma vinaongeza msukumo. Chombo cha anga cha Giotto kilipopita kwenye nyotamkia ya Halley mwaka 1986, vumbi lilikifikia kwa kilomita 68 kwa sekunde. Kasi za namna hiyo hupimwa kwa mashine za kurusha vumbi kwa umeme.

Mzee_wa_Antena:
Na utuwekee picha ya oskiloskopu (kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme), mgongano wa mchanga na mwaliko wa jua kwa pamoja. Nataka kuona kama masafa ya mawimbi yao yanatofautiana.