Naomba ushauri: Fallout 4 au Skyrim kwa mtu ambaye umeme unamkatikia?

Bandugu wa Lubumbashi na kwingine, habari zenu. Niko Katuba, nina kompyuta ya mezani isiyo na betri, na nataka kuanza mchezo mmoja mrefu wa kompyuta, kati ya hiyo miwili, kwa kiwango kigumu cha kuishi kwa shida: njaa, usingizi, magonjwa.

Upande wa kupanda levo, Skyrim (2011) inanivutia zaidi. Ukipiga upinde sana, upinde ndio unaokua. Ukifua vyuma, unakuwa mhunzi. Fallout 4 (2015) inakupa pointi kwa karibu kila kitu, halafu unachagua mwenyewe uwezo, hata ule ambao hujawahi kuutumia. Kwangu hiyo ni kama kupewa diploma bila kuhudhuria.

Tatizo langu ni kuhifadhi mahali nilipofikia. Fallout 4 ya kiwango kigumu inahifadhi tu ukilala kitandani, au ukitoka mwenyewe kwa utaratibu. Umeme ukikatika ghafla, je? Saa nzima ya kutembea imekwenda, maana hata kuruka kwenye ramani (kufika mahali papo hapo bila kutembea) hairuhusiwi. Skyrim ya kiwango kigumu nayo inakataza kuruka hivyo, inaongeza baridi, na levo haipandi mpaka ulale, lakini kuhifadhi ni wakati wowote.

Kadogo wangu ananisukuma kwa Fallout: New Vegas ya 2010, nayo kwa kiwango kigumu: kiu na njaa zipo, risasi zina uzito, na unahifadhi upendavyo. Aliyecheza zote tatu, ipi ugumu wake hauchoshi baada ya levo ya 20? Na kuna mwenye onduleri (kifaa cha betri cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika) ndogo ya bei nafuu?