Naomba ushauri: je, dawa za saikedeliki (zile zinazobadilisha fahamu kwa muda, kama LSD) zinaweza kutuliza maumivu ya baridi yabisi?

FundiCherehani_Uyole

Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni fundi cherehani hapa Uyole, Mbeya, na huu ni mwaka wa sita tangu niambiwe kwamba nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuvishambulia viungo. Baridi hii ya Juni na Julai ndiyo inayonitesa zaidi. Nikiamka, vidole havikunjiki mpaka ipite saa moja na zaidi, na binti yangu ndiye hunifunga vifungo vya sweta kabla hajaenda shule. Mkasi nimeuacha, kijana wangu wa kazi anakata, mimi nachora kwa chaki tu.

Mpwa wangu anayesoma Uholanzi ananiambia kwamba wanasayansi wa huko wamegundua kuwa LSD, na ile psilosaibini inayopatikana kwenye aina fulani za uyoga, hutuliza maumivu na hata uvimbe wenyewe. Yuko tayari kuniletea vidonge akija Desemba. Je, kuna ukweli, na mtu wa hali yangu anaweza kujaribu? Naomba anijibu anayeelewa. Maombi nimeshaombewa mengi, nashukuru.

Mfamasia_Iringa

Pole sana dada. Mpwa wako hajakudanganya, ila ameruka hatua. Utafiti anaousema bila shaka ni ule wa Chuo Kikuu cha Maastricht, huko huko Uholanzi, ambapo watu 24 wenye afya njema walipewa LSD kidogo sana, kisha wakatumbukiza mkono kwenye maji ya baridi kali. Walipopewa mikrogramu 20 walivumilia kwa muda mrefu zaidi, takribani asilimia 20. Hayo ni maumivu ya muda mfupi, si ya kiungo kilichovimba miaka sita.

Kuhusu uvimbe, mtafiti Charles Nichols na wenzake wa Louisiana, Marekani, walionyesha mwaka 2008, kwenye seli za maabara, kwamba dawa ya jamii hiyo iitwayo DOI huzuia uvimbe unaochochewa na TNF, na baadaye wakaona matokeo ya kutia moyo kwa panya wenye pumu. TNF ndiyo protini inayolengwa na baadhi ya sindano za bei kubwa za ugonjwa wako, kwa hiyo swali lako si la kipuuzi hata kidogo.

Lakini tazama utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wa mwaka 2025. Panya wenye maumivu sugu walipewa psilosaibini mara moja tu wakapata nafuu ya karibu wiki mbili. Dawa ilipochomwa moja kwa moja sehemu ya mbele ya ubongo ilifanya kazi. Ilipochomwa kwenye uti wa mgongo, haikusaidia. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo: maumivu yakizimwa ubongoni huku kinga ikiendelea kukwangua gegedu la vidole, utarudi kwenye mkasi kwa furaha na kuviharibu haraka zaidi.

Mkulima_Njombe

Nakubaliana na mfamasia, ila tusiwe wepesi wa kukataa. Mofini nayo ni dawa ya kulevya, na bado inawapumzisha wagonjwa wa saratani wodini. Tangu Julai 2023 Australia imewaruhusu madaktari wa akili walioidhinishwa kutumia psilosaibini.

Mfamasia_Iringa

Ni kweli kaka, lakini ni kwa sonona iliyoshindikana kwa dawa nyingine, chini ya uangalizi, si kwa viungo. Hapa kwetu dawa hizi ni za kulevya kisheria, na kijana akikamatwa uwanja wa ndege atakuwa amekuponza na kujiponza. Halafu dada, katika ukoo wenu kuna aliyewahi kuchanganyikiwa akili? Unatumia tramadoli, ile dawa ya maumivu? Na methotreksati, ile ya kutuliza kinga, unaimezaje?

Mzee_wa_Tukuyu

Binti yangu, mimi nasema moja tu: asitokee wa kukushauri uchume uyoga wa porini. Tumekua tukila uyoga kila masika, na bado kuna nyumba zimezika watu kwa kukosea kofia moja.

FundiCherehani_Uyole

Nawashukuru wote, na shikamoo mzee. Mfamasia, ukooni hakuna wa hivyo ninayemjua. Tramadoli humeza usiku nikizidiwa. Methotreksati, nikiri, huwa naimeza wiki maumivu yakikaza na kuiacha yakipungua, kwa sababu hunichafua tumbo. Kinachonivusha siku ni vidonge vya maumivu vya diklofenaki, viwili au vitatu, vya duka la dawa.

Mfamasia_Iringa

Dada, hapo ndipo pa kuanzia. Methotreksati huchukua wiki kadhaa kujenga nguvu, na humezwa mara moja tu kwa wiki, kamwe si kila siku, pamoja na asidi ya foliki ambayo hupunguza huko kuchafuka tumbo. Wewe hujaipa nafasi. Hiyo diklofenaki nayo inaweza kuwa inakutoboa tumbo na kuumiza figo. Nenda kliniki, uwaeleze hivyo hivyo ulivyotueleza, waipime damu yako kabla hujaianza upya.

FundiCherehani_Uyole

Asidi ya foliki sijawahi kuandikiwa, au niliandikiwa nikaidhania vitamini. Kliniki ni Alhamisi. Nitabeba dawa zote kwenye kikapu, pamoja na maganda. Mpwa nimemwandikia aniletee glovu za sufu.