Tupeane uzoefu: mliosoma miaka ya 60, dansi mlikuwa mnalipataje?

Wakuu habari zenu. Jana bi mkubwa alikuwa anakata bamia, redioni ukapigwa wimbo wa Cuban Marimba, kisu chini, mama wa miaka 77 kaanza twist palepale jikoni. Namuuliza haya kajifunzia wapi, ananijibu "bwenini". Gramafoni ilikuwa moja, ya matroni, inatolewa Jumamosi jioni tu, basi wasichana kwa wasichana wanafundishana twist na chachacha, khanga zimefungwa kiunoni. Wavulana wa shule ya jirani walialikwa mara moja kwa muhula, na mwalimu wa zamu anazunguka na tochi 😂. Mwenye kumbukumbu zake au za wazee wake amwage hapa.

*Mzee wa Koti:*
Mie niliingia Mlimani, chuo kikuu pale Dar, 1967, chuo kilishahama Lumumba tangu 64, kwa hiyo kushuka mjini ni safari na basi la mwisho likikuacha unaisoma namba. Chumbani kwetu na jirani tulikuwa wanne, koti moja. Sitanii. Jumamosi hii unavaa wewe, ijayo mwenzako. Zamu yangu imefika, NUTA Jazz wanapiga, natia mkono mfuko wa ndani nakuta barua ya mapenzi ya mwenzangu, kuangalia jina chini, ndio yule yule binti niliyepanga kumwomba tucheze. Nikabaki nimesimama karibu na matarumbeta mpaka mwisho, soda moja.

*Mji Kasoro Bahari:*
Sisi Moro tulijiona wafalme, Cuban Marimba wetu, Morogoro Jazz wetu. Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba, alipofariki kwa ajali ya gari 1965 nilikuwa shule, siku ile hakuna aliyesoma.

*Dada wa Pindo:*
Mmesahau Operesheni Vijana? Mwisho wa 68 TANU Youth League wakatangaza mini, mawigi na suruali za kubana mwisho, kuanzia Januari 69. Dada yangu akatia pindo la pini: barabarani sketi inafunika magoti, akifika dansini anachomoa pini nne, kazi imeisha. Siku moja ya tano ilimchoma katikati ya twist, watu wakadhani ni staili mpya wakamuiga. Halafu Novemba 69 Dar wakapiga marufuku na muziki wa soul, ndo nikaficha santuri yangu ya James Brown chini ya godoro, godoro lenyewe la sufi na tunalala wawili. Kuitoa, imepinda kama chapati, sindano inapanda na kushuka inatoa sauti ya mtu anayezama. Serikali nilishaisamehe, ila yule niliyelala naye bado.

*Mleta mada:*
Mzee wa Koti, barua ulimrudishia mwenyewe?

*Mzee wa Koti:*
Nilimrudishia. Wakaoana 1971, bestimani mimi, koti lile lile.