Afya ya nyonga kwenye mtaala wa fiziotherapia: somo la peke yake au itawanywe?

mkufunzi_viungo: Habari wakuu. Tunapitia upya mtaala wa shahada, na afya ya nyonga imepewa vipindi 12 tu. Viwe somo moja mwaka wa mwisho, au tuvitawanye? Na upimaji wa misuli ya sakafu ya nyonga (ile ya chini inayoshikilia kibofu na njia ya haja kubwa) ufundishweje bila kumdhalilisha mtu?

msamba: Tawanya. Ukisubiri mwaka wa mwisho, wataona ni mambo ya wodi ya wazazi, kumbe mgonjwa wa kiuno anayevuja mkojo akikohoa atawafikia wote. Anatomia ifundishwe pamoja na kiwambo (msuli mkuu wa kupumulia) na misuli ya tumbo: ukivuta pumzi sakafu inashuka, ukiitoa inapanda. Maswali ya mkojo, choo na tendo la ndoa yaingie kwenye historia ya kila mgonjwa wa mgongo. Ganzi kwenye msamba au mkojo kugoma ghafla ni dharura ya leo leo, si ya mazoezi.

fizio_nyonga: Upimaji hauanzii ndani. Mgonjwa akisharidhia, alale chali, magoti juu, abane kama anayezuia upepo usitoke. Msamba uingie ndani na kupanda. Ukitokeza nje, anasukuma badala ya kubana, na akiendelea hivyo nyumbani atazidi kuvuja. Angalia pia kama anazuia pumzi au anakaza makalio na mapaja. Ultrasaundi juu kidogo ya mfupa wa kinena, kibofu kikiwa na mkojo, huonyesha kitako chake kikinyanyuka. Darasa zima linaona bila mtu kuvua chupi. Upimaji wa ndani kwa kidole na alama za Oxford za nguvu ya mbano, 0 hadi 5, wajifunzie kwanza kwenye sanamu. Mwanafunzi akikataa kupimwa na wenzake asiulizwe sababu wala asikatwe maksi.

mkufunzi_viungo: Na dozi ya mazoezi ya kubana?

msamba: Kwa anayevuja akikohoa: angalau mibano 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Ashike anavyoweza, apande taratibu hadi sekunde 10, na aachie kabisa kila mara. Hapo kwenye kuachia ndipo wengi hukosea.

fizio_nyonga: Naongezea: isifundishwe kama dawa ya kila mtu. Aliyekaza misuli na kuumia wakati wa tendo, kubana kutamzidishia. Aanze na kupumua na kulegeza. Na kwenye mtihani wekeni mwanaume anayevuja mkojo baada ya kuondolewa tezi dume, maana huyo husahaulika kabisa.