Mrejesho: ile mambo ya PBS kwenye kontra yetu

Bandugu aksanti kwa majibu. Niliuliza kama sisi marubani wa hapa Lubumbashi tukubali PBS, ile programu inapanga ratiba ya mwezi kufuatana na matakwa ya kila mtu na ukongwe wake, badala ya kuchagua laini, ni kusema ratiba za mwezi mzima zenye kampuni imeshapanga. Basi tumekaa na sendika, wengi wanasema tusikatae kabisa lakini tusisinye hivi hivi, maana shida kubwa iko kwenye konje (likizo): kwa laini, safari zenye zinagongana na konje yako zinatolewa, rubani wa rizevu, ule anangojea kuitwa, anazibeba, lakini PBS inahesabu konje kwanza halafu inakujazia siku zinazobaki, ndiyo maana kampuni inaweza kufanya kazi na marubani wachache, na hiyo faida si yetu! Kampuni ya ndege Delta kule Marekani wanaitumia PBS, sawa, ila kanuni zake ziko ndani ya mkataba. Sisi tumeomba masaa ya konje yalipwe yote, na sendika ikague ratiba mbele ya kutoka. Vijana nao wana haki, kwa laini wakongwe wanachagua kwanza, wao wanapata mabaki tu, kwa PBS angalau mtu anaweza kuomba Jumapili ya kusali. Kampuni haijajibu, tunarudi mezani wiki ijayo.